Nozo gani ufunge kwenye 6D16 uliyoiwekea turbo: za kiwanda, za toleo la turbo, au zilizotanuliwa matundu?

Ukishafunga turbo kwenye Fuso yenye 6D16 ya kawaida, ile ya lita 7.5 iliyotoka kiwandani bila turbo, swali linalofuata ni nozo, ile ncha inayonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Mmoja anakwambia acha zilezile, mwingine anakwambia tafuta za 6D16-T, wa tatu anamjua fundi wa kutanua matundu na ana gari la kukuonyesha linavyovuta. Kiukweli wote watatu wanaweza kuwa sawa, inategemea gari linafanya kazi gani, pampu yako ni ipi, na turbo inapiga busti (presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini) kiasi gani. Mwenye Canter ya 4D33 aliyefunga turbo naye asome tu, namba ya nozo inabadilika ila hesabu ni ileile.

Kabla ya kulinganisha chochote kuna jambo lazima tuelewane, maana hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Kwenye injini za pampu ya zamani, ile ndefu yenye plenja sita (vipistoni vidogo vinavyosukuma dizeli, kimoja kwa kila silinda), anayepima kiasi cha dizeli ni pampu, sio nozo. Plenja ikisukuma kiasi fulani kila mzunguko, kiasi hicho kitatoka tu, nozo iwe na matundu makubwa au madogo. Kinachobadilika ni kinatoka haraka kiasi gani na kimesagika vizuri kiasi gani. Tundu kubwa linamaliza kumwaga mapema, na hilo ni jema pale mafuta yameongezwa sana, kwa sababu dizeli inayoendelea kuingia wakati pistoni imeshashuka haisukumi kitu cha maana, inaishia kuwa joto la ekzosi na moshi. Lakini tundu hilohilo kubwa, gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyagwa mafuta) au unatembea tupu, linashusha presha kwenye bomba la nozo, dizeli inatoka na matone makubwa badala ya ukungu, unaanza kunusa dizeli mbichi kwenye ekzosi na injini inagonga kwa ukali.

Kwa hiyo mtu akikwambia "funga nozo kubwa upate nguvu" muulize pampu imefanywa nini. Kama pampu haijaguswa, nozo kubwa haikuongezei nguvu ya maana, inakuongezea moshi wa asubuhi. Kwenye injini za komoni reli mambo ni tofauti kabisa, kule presha ipo muda wote na kompyuta inafungua nozo kwa muda fulani, tundu likitanuka dizeli inaongezeka moja kwa moja hata bila kugusa kitu kingine, kwa hiyo ushauri wa huku usiupeleke kule na wa kule usiulete huku.

Na hili la video za Marekani nalo tuliseme. Wale wenye Dodge Ram za Cummins 5.9 ya valvu 12, za 1994 hadi 1998, wanafunga nozo kubwa sana na gari linapaa kweli, ila angalia wana pampu gani: Bosch P7100 yenye plenja za 12 mm. Ile ina ubavu wa kulisha tundu kubwa na presha isianguke. Pampu nyingi za malori yetu ya Kijapani ni za saizi ndogo. Ya kwako unaweza kuisoma mwenyewe kwenye kibati chake ubavuni, kama imeandikwa kwa mtindo wa Bosch: PES6A95 maana yake plenja sita, saizi A, kipenyo 9.5 mm, na PES6P120 ni saizi P yenye plenja 12 mm. Futa grisi, piga picha kile kibati kabla hujaenda kununua nozo, kitakuokoa na maneno mengi ya mafundi.

Upande wa hewa nao una hesabu yake. Turbo ikipiga busti ya 0.7 bar watu wanasema hewa imeongezeka asilimia 70, sio kweli kama hujafunga intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), kwa sababu hewa ikibanwa inapata moto. Imeingia na nyuzi 30, inatoka kwenye turbo na nyuzi kama 100, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo faida halisi inabaki asilimia 35 hadi 40 hivi. Ukifunga intakula nzuri unapanda kwenye 55. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo ya kuongeza dizeli, zaidi ya hapo unachoma pistoni. Nozo unachagua kulingana na hiyo nafasi.

Sasa vipimo. Kila njia nitaiangalia kwa mambo haya haya: inavyowaka asubuhi na moshi wake, inavyovuta mlimani na joto la ekzosi, ulaji wa mafuta, uvumilivu kwa dizeli yetu, na urahisi wa kuipata pamoja na fundi wa kuipima.

NOZO ZA SAIZI YA KIWANDA, MPYA, PRESHA IMESETIWA UPYA

Hii ndiyo njia watu wanaidharau kwa sababu haina kitu cha kujivunia kijiweni. Unanunua nozo sita mpya zenye namba ileile ya injini yako, unapeleka kwa fundi pampu zipimwe zote kwenye mashine, na pampu inaongezwa mafuta kidogo kufuata busti.

Asubuhi inawaka kama ilivyokuwa, moshi ukiwa tupu hakuna, hapa hakuna anayeishinda. Mlimani inavuta vizuri ilimradi busti ni ya kawaida, tuseme 0.5 mpaka 0.7. Ukizidisha mafuta kwenye pampu kupita hapo ndipo udhaifu wake unatokea, matundu ni madogo kwa hiyo kumwaga kunachukua muda mrefu, mafuta yanaendelea kuingia pistoni inashuka, na geji ya joto la ekzosi inapanda haraka kwenye mlima mrefu. Ulaji ni mzuri, na kwa gari linalotembea nusu ya safari tupu utauona kwenye hesabu ya mwezi. Uvumilivu kwa mafuta machafu ni wa kawaida wa kiwandani. Kupatikana, kila duka la spea za Fuso wanazo, shida ni kutofautisha nzuri na mbovu, nitalirudia.

Inamfaa nani? Mwenye turbo ya busti ndogo bila intakula, na mwenye gari ambalo dereva ni zaidi ya mmoja na hujui nani anakanyaga vipi.

NOZO ZA NDUGU YAKE, 6D16-T

Mitsubishi wenyewe walitengeneza 6D16 yenye turbo, kwa hiyo wazo la kuchukua nozo zake lina akili. Zimepangwa kwa mafuta mengi zaidi na hewa ya kubanwa, na zilitoka kiwandani hivyo, matundu ya nozo zote sita yanalingana, sio kazi ya mtu aliyekadiria.

Ila kuna mtego na ndio huu nataka usomwe taratibu. Shika nozo mkononi, futa shingo yake, kuna maandishi madogo yamechongwa, kwa mfano DLLA 155 P ikifuatiwa na namba. DLLA inakwambia ni nozo ya matundu yenye shingo ndefu. Ile 155 sio saizi ya tundu kama wengi wanavyodhani, ni pembe ya mnyunyizo kwa nyuzi, yaani ule mwavuli wa dizeli umefunguka kiasi gani. P ni aina ya mwili, kuna P nyembamba na S nene, haziingiliani kwenye kifuko kimoja. Namba ya mwisho ni ya utambulisho tu, hiyo ndiyo fundi anaitafuta kwenye kitabu apate idadi na kipenyo cha matundu. Sasa pistoni ya injini ya turbo na ya injini isiyo na turbo mara nyingi bakuli lake juu halifanani. Ukifunga nozo yenye mwavuli mpana kwenye bakuli lenye kina, dizeli inapiga ukingo wa pistoni na ukuta wa silinda badala ya kuingia kwenye bakuli. Inaosha oili, inachimba pistoni, na oili ya injini inaanza kuwa nyepesi kwa sababu dizeli inashuka chini. Gari litavuta vizuri tu siku za mwanzo, halitakwambia chochote.

Kwa hiyo linganisha pembe kwanza. Zikilingana au zikapishana nyuzi chache sana, endelea. Zikipishana sana, acha, au funga na pistoni za turbo kabisa kama unafanya ovahoo (kufungua na kufufua injini nzima). Angalia pia washa ya kopa chini ya nozo, unene wake ndio unaamua ncha imetokeza kiasi gani chini ya silinda hedi, na mwavuli unapanda au kushuka nayo. Mafundi wengi wanaweka yoyote iliyopo au wanabandika mbili, moja juu ya nyingine, hilo usikubali.

Zikiwa zinalingana, asubuhi zinawaka vizuri japo na moshi mweupe kidogo mpaka injini ipate moto, mlimani ndipo zinalipa, joto la ekzosi linakuwa chini kuliko nozo ndogo kwa kiasi kilekile cha dizeli. Ulaji ukiwa na mzigo ni mzuri, ukiwa tupu unapoteza kidogo. Uvumilivu sawa na za kiwanda. Kupatikana ni kugumu kidogo nje ya miji mikubwa, na zile za mtumba zinazotoka na injini ya kontena usizifunge bila kupimwa, hujui zimekula nini huko zilikotoka.

Kuna jambo la pampu hapa. Pampu ya injini ya turbo kwa kawaida inakuwa na kile kifaa juu ya gavana (sehemu ya pampu inayodhibiti mafuta) kinachosikiliza busti kupitia kibomba kidogo, busti ikiwa haijafika kinazuia mafuta, ikifika kinaachia. Pampu ya 6D16 ya kawaida haina. Ukiongeza mafuta kwenye pampu isiyo na kile kifaa, kila unapoondoka taa zikiwaka kijani unatoa wingu jeusi mpaka turbo iamke. Watu wanalaumu nozo kumbe ni hilo.

NOZO ZILIZOTANULIWA MATUNDU

Hapa kuna njia mbili. Moja ni kutoboa upya kwa umeme, ndivyo hata viwanda vinavyotoboa, inafanyika kwa usahihi mkubwa kwenye mashine inayostahili. Nyingine ni kusukuma uji wenye chembe za kusugulia upite kwenye matundu mpaka yatanuke na kingo za ndani ziwe laini. Ya tatu ni ile ya kuingiza sindano au kibiti kwa mkono, hiyo siihesabu kama njia. Tundu la nozo ni sehemu ya milimita, mkono hauwezi kutengeneza sita zinazofanana.

Angalia hesabu uone kwa nini nasisitiza. Nozo ya matundu matano ya 0.30 mm jumla ya nafasi ya kupitisha ni kama 0.35 mm za mraba. Ukitanua kila tundu hadi 0.35, ambayo kwa jicho huwezi kuona tofauti, nafasi inapanda hadi 0.48, yaani asilimia 36 zaidi. Ukienda 0.32 tu, inapanda asilimia 14. Sasa fikiria silinda moja ina 0.32 na jirani yake 0.35, injini itatetemeka sailensa na ile silinda inayomwaga kwa haraka ndiyo itakayotoboka pistoni, wewe unaangalia geji ya joto la pamoja inakuonyesha wastani tu, kila kitu kipo salama.

Kuna wanaochagua matundu mengi madogo badala ya machache makubwa. Saba ya 0.27 yanapitisha sawa kabisa na matano ya 0.32, jumla 0.40, lakini dizeli inasagika laini zaidi na moshi unapungua. Kasoro yake ni kwamba mnyunyizo wa tundu dogo haufiki mbali, kwenye injini yenye bakuli pana na hewa isiyozunguka sana sawa, ila hizi za zamani zinategemea mzunguko wa hewa na matundu machache, unaweza ukakuta ukungu wa tundu moja unasukumwa kwenye wa jirani na moshi unarudi palepale. Halafu tundu dogo linaziba haraka.

Asubuhi hizi zilizotanuliwa ni ngumu zaidi kuwaka, hasa Mbeya, Njombe au Timboroa kwenye baridi, na moshi ukiwa tupu utauona. Mlimani, kama pampu ina plenja nene na turbo ina hewa pamoja na intakula, hakuna njia kati ya hizi tatu inayovuta kama hii, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ulaji unategemea mguu wa dereva kuliko kitu kingine. Uvumilivu ni mdogo kwa sababu sehemu iliyoguswa haina tena ugumu na umbo la kiwandani. Kupatikana kwake ni kupata fundi mwenye mashine na anayekupa karatasi ya vipimo vya mtiririko wa kila nozo, akisema "ziko sawa tu" bila karatasi ondoka nazo.

MAMBO YANAYOHUSU ZOTE TATU

Upimaji. Ukipeleka nozo kwa fundi pampu simama pale uone. Anafunga nozo kwenye pampu ya mkono yenye geji, anapandisha presha taratibu, inatakiwa ifunguke kwenye presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, na sita zote zikaribiane. Kisha anashusha mpaka kama bar 20 chini ya hapo na kushikilia sekunde 10, ncha isidondoshe tone. Ikilowa kidogo sawa, tone likining'inia na kudondoka hiyo imekwisha. Halafu aweke karatasi chini apige mara moja, uhesabu madoa kwenye karatasi, nozo ya matundu matano ikiacha manne, tundu moja limeziba. Mkono usipite karibu na ule mnyunyizo kabisa, una nguvu ya kupenya ngozi na dizeli ikiingia mwilini ni dharura ya hospitali, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano.

Dizeli. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha salfa 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, hilo jema, ila mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa bado ni adui. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, sindano ya nozo na plenja zinasuguana chuma kwa chuma. Tanzania EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya hilo, lakini ukinunua kwenye madumu pembeni ya barabara hakuna kinasaba kitakachokusaidia. Filta mbili na chombo cha kutenga maji kwangu sio hiari kwa mtu aliyeweka hela kwenye nozo.

Kuhusu nozo feki, angalia maandishi kwenye shingo. Zile nzuri yamechongwa safi na namba zinafanana zote sita. Nyingine boksi ni la jina kubwa na ndani namba imegongwa kwa nyundo imepinda. Bei ikiwa nusu ya nusu ya wengine, jua ni feki.

Na geji ya joto la ekzosi funga kabla ya kugusa nozo. Iwekwe kabla ya turbo, kwenye manifoldi. Watu wengi wanashika nyuzi 700 kama mpaka wa kutembelea muda mrefu, nami naona ni busara kwa pistoni ambazo hazikutengenezwa kwa turbo.

KWA HIYO, KULINGANA NA HALI YAKO

Kama unabeba mchanga na kokoto mjini, Dar au Nairobi, unasimama foleni, unageuza, unarudi tupu, nozo za saizi ya kiwanda zinakutosha. Hutapata muda wa kutumia kitu kikubwa zaidi, na moshi kwenye foleni unakuletea trafiki dirishani.

Kama unapiga Dar hadi Tunduma na mzigo kamili, ule mlima wa Kitonga unakula dakika nyingi gia ya chini injini ikikaza, au unatoka Nairobi kwenda Malaba kupitia Timboroa ambako uko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari na hewa imepungua zaidi ya robo, na tayari una intakula na pampu yenye kile kifaa cha busti, hapo nozo za 6D16-T zina maana, pembe ikilingana. Pembe isipolingana baki na za kiwanda, punguza mafuta kidogo na ukubali kupanda taratibu.

Kama injini inafunguliwa ovahoo hata hivyo, pima bei ya kufunga pistoni za turbo pamoja na nozo zake kwa mkupuo. Kuzifunga baadaye ni kulipa ufundi mara mbili.

Kama una pampu ya saizi P, turbo kubwa, intakula, gari ni lako mwenyewe na wewe ndiye dereva unayeangalia geji, nenda za kutanuliwa, anza na ongezeko dogo kama lile la asilimia 14, tembea nalo na mzigo, soma geji ya joto kwenye mlima uleule unaoujua, ndipo uamue kama unataka zaidi.

Na kama hela iliyopo inatosha kitu kimoja tu kati ya nozo na intakula, funga intakula kwanza, nozo za zamani zipelekwe kupimwa na kusetiwa presha, zilizokufa ubadilishe. Zile nyingine zitasubiri.